Makamu Mkuu wa Chuo si Gombera

Juzi, baada ya kipindi cha mwisho, frateri mmoja alinisubiri nje ya darasa. "Samahani Padre," akaniambia, "kwa nini wanafunzi wa vyuo vikuu wanagoma na sisi hatugomi?" Nilimjibu kwa utani kwamba sisi tunajua jinsi begi linavyofungwa haraka. Akacheka, nami nikacheka, kengele ikalia, akaenda kwenye masifu ya jioni. Usiku jibu langu likanirudia. Nilikuwa nimemwambia kijana anayejiandaa kwa upadre kwamba utulivu wa nyumba yetu umejengwa juu ya hofu. Tena kijana mwenyewe ana akili. Baada ya miaka 20 si ajabu askofu wake akamtuma kuongoza chuo kikuu.

Hayo si mambo ya kufikirika. Kanisa nchini kwetu lina vyuo vikuu na vyuo vikuu vishiriki kuanzia Mwanza hadi Mtwara. SAUT, kilichozinduliwa mwaka 1998 pale Nyegezi juu ya msingi wa chuo cha mafunzo ya jamii kilichokuwepo tangu 1960, ni mali ya Baraza la Maaskofu. Tuna Mwenge kule Moshi, Ruaha pale Iringa, Bugando, Jordan ya Morogoro, Stella Maris ya Mtwara. Mara nyingi anayekaa kwenye kiti cha makamu mkuu wa chuo ni padre, na mapadre wote tumepita nyumba moja: seminari. Tukipewa chuo tunakiongoza kwa mfano tuliouishi miaka kumi na zaidi, yaani mfano wa gombera. Nami nasema mfano huo, pamoja na uzuri wake, tuuache getini pa seminari. Makamu mkuu wa chuo si gombera.

Sheria ya Kanisa yenyewe haivichanganyi. Kanoni ya 260 inawataka wote seminarini wamtii gombera katika kutimiza wajibu wao. Kuna sababu. Seminari inamlea mtu kwa ajili ya wito mmoja, na gombera ndiye atakayemjibu askofu siku akiulizwa: je, huyu anafaa? Waliomo ndani waliingia wakijua hivyo. Vyuo vikuu vimewekwa mahali pengine kabisa, kuanzia kanoni ya 807, na huko hukuti amri ya namna hiyo. Haingewezekana. Chuo kikuu cha Kanisa kinampokea binti Mwislamu wa Mbagala anayetaka kuwa mhasibu, kinamwajiri mhadhiri Mlutheri mwenye shahada ya uzamivu ya kemia, kina mkutubi, dereva, mpishi na fundi umeme. Hakuna kati yao aliyemwahidi mtu utii. Wamekuja kutafuta elimu au kufanya kazi, na wana haki ya kujua uamuzi unaowagusa umefikiwa wapi, na nani, kwa sababu gani.

Ndiyo maana chuo kikuu kina vyombo. Wengi wetu hata majina ya vyeo yanatuchanganya, kwa hiyo niyaeleze kidogo. Mkuu wa Chuo ndiye tunayemwona siku ya mahafali amevaa joho zito akitunuku shahada. Haongozi kazi za kila siku. Anayeziongoza ni huyu tunayemwita makamu mkuu, na jina hilo la "makamu" limewapoteza watu wengi. Juu yake kuna Baraza la Chuo, lenye dhamana ya mali, fedha, ajira na mwelekeo mzima. Pembeni kuna Seneti, inayosimamia taaluma: mitaala, mitihani, matokeo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 inavihusu vyote, vya serikali na vya binafsi, vyetu vikiwemo, na kila chuo kina hati yake.

Ukitaka kuona mgawanyo huo ukifanya kazi, nenda Chang'ombe, Wilaya ya Temeke. Pale palipokuwa chuo cha ualimu, tangu 2005 pana Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, DUCE, tawi la mti wa Mlimani. Kina rasi wake na bodi yake. Lakini rasi wa Chang'ombe hawezi kuamka asubuhi akabadilisha matokeo ya mwanafunzi kwa sababu mzazi wake ni rafiki, wala kwa sababu mwanafunzi huyo ni mkaidi. Matokeo yanakwenda Seneti ya Mlimani. Rasi mwenye busara hashukuru tu kwa madaraka aliyopewa. Anashukuru zaidi kwa yale aliyonyimwa, maana yanamlinda.

Mlimani kwenyewe mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo, na historia ya kilima kile, kilichokuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya yake, ingefaa kusomwa na kila padre anayepewa chuo. Chuo kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15, chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Mkuu wake wa Chuo alikuwa Mwalimu Nyerere. Mwalimu huyohuyo alikuwa Rais wa nchi na kiongozi wa TANU. Makamu mkuu wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka kwenye ukatibu mtendaji wa TANU.

Sasa tazama yaliyotokea. Tarehe 22 Oktoba 1966, kabla hata hakijawa chuo kikuu kamili, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akatangaza palepale kwamba anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawafukuza. Karibu vijana 400 wakarudishwa makwao, ingawa wengi waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Julai 1971, rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alimwandikia makamu mkuu barua ya wazi kulalamikia uongozi wa chuo. Askari wa FFU wakapanda Mlimani, wakamchukua, naye akarudishwa kwao Kenya. Machi 1978 wanafunzi wakaandamana tena, safari hii kupinga nyongeza ya masilahi ya wabunge na mawaziri, na mamia wakafukuzwa.

Siandiki haya ili kumdharau Mwalimu. Kanisa limefungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri, nasi tunamwita Mtumishi wa Mungu. Mimi binafsi, nikisoma habari za 1966, bado nauheshimu ule uamuzi wa kujikata mshahara; ni viongozi wangapi wangefanya hivyo? Tena wanafunzi nao walikuwa na majivuno ya wasomi wachache katika nchi ya watu wasiojua kusoma. Yupo aliyebeba bango la kusifia ukoloni! Hapo ndipo penye uzito. Kiongozi alikuwa mwadilifu, pengine mtakatifu, tena mara nyingine alikuwa na haki kuliko waliompinga, na bado chuo kiliumia. Jiulize: mhadhiri wa mwaka 1971 aliyeona Akivaga ameonewa angekata rufaa kwa nani? Kwa makamu mkuu, aliyelalamikiwa? Kwa Mkuu wa Chuo, ambaye ndiye Rais? Kwa chama, ambacho kiongozi wake ndiye huyohuyo? Milango ilikuwa mingi, ila yote iliingia chumba kimoja.

Mlimani wamejifunza, kwa gharama. Mageuzi yaliyoanza wakati wa Profesa Matthew Luhanga, makamu mkuu kuanzia 1991 hadi 2006, yalianza kwa chuo kujichunguza chenyewe na kujiandikia mpango wa muda mrefu. Hati ya mwaka 2007 imeweka vyombo vyake wazi. Rais wa nchi si Mkuu wa Chuo tena. Humteua mwingine, na tangu 2016 ni Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Uteuzi wa makamu mkuu bado unatangazwa kutoka Ikulu, na ukipanda daladala ya Mlimani utasikia watu wana maneno yao juu ya hilo. Lakini viti angalau vimetenganishwa.

Tugeukie viti vyetu. Mmiliki wa chuo ni maaskofu, au askofu, au shirika. Mkuu wa Chuo ni askofu. Pale SAUT ni Rais wa Baraza la Maaskofu. Wajumbe kadhaa wa Baraza la Chuo huteuliwa na mmiliki. Na makamu mkuu ni padre ambaye siku ya upadrisho aliweka mikono yake ndani ya mikono ya askofu, akaahidi heshima na utii. Kila moja ya viti hivi ni halali, na sitaki kiondolewe hata kimoja. Nasema tu kwamba tukiviweka pamoja bila uangalifu, tunajenga kilekile chumba kimoja.

Nimekaa ndani ya chumba hicho. Kabla ya kuletwa seminarini nilifundisha katika chuo kimoja cha Kanisa, na kwa miaka miwili niliwawakilisha wahadhiri kwenye Seneti. Mkutano mmoja sitausahau. Ajenda tulikabidhiwa asubuhi ileile, mlangoni. Jambo kubwa lilikuwa wanafunzi ambao hawajakamilisha ada: wazuiwe kuingia kwenye mitihani ya mwisho, au wapewe muda? Makamu mkuu, padre mcha Mungu ambaye hata leo nampenda, alifungua kwa sala, akaeleza hali ya fedha, akasema uamuzi umekwishafikiwa na menejimenti na kilichobaki ni sisi kuupokea. Rais wa serikali ya wanafunzi, binti wa mwaka wa pili, alinyoosha mkono. Akaambiwa, "Subiri kwanza binti, tumalize." Tukamaliza. Ikasaliwa sala ya kufunga. Hakupewa nafasi, na hakuna aliyekumbusha. Muhtasari uliandikwa kwamba wajumbe waliridhia kwa kauli moja.

Watu watasema kosa ni la mwenyekiti. Ni lake, lakini si lake peke yake. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na haki ya kuzungumza, tena nilikuwa nimechaguliwa na wenzangu kwa kazi hiyohiyo. Nilinyamaza kwa sababu niliona kumpinga padre mwenzangu mbele ya walei ni utovu wa adabu. Sikujua, au nilijisahaulisha, kwamba kanoni ya 127 inawabana wote wanaotakiwa kutoa ridhaa au ushauri watoe maoni yao kwa ukweli. Kanoni hiyohiyo inasema kwamba pale sheria inapomtaka mkuu apate ridhaa ya chombo fulani, akitenda bila ridhaa hiyo tendo lake ni batili. Na kanoni ya 1280 inadai kila taasisi yenye utu wa kisheria katika Kanisa iwe na baraza la fedha, au angalau washauri wawili wa kumsaidia msimamizi wa mali. Kanisa, ambalo watu hulitaja kama mfano wa utawala wa mtu mmoja, linaogopa sana mtu mmoja mwenye ufunguo wa kasha. Hata Mtakatifu Benedikto, aliyempa abate neno la mwisho, alimwagiza katika Kanuni yake awaite ndugu wote panapokuwa na jambo zito, na akataja sababu: mara nyingi Bwana humfunulia mdogo lililo jema zaidi.

Yupo atakayeniambia kwamba hoja hizi za ushirikishwaji ni za wanaharakati. Basi tuuangalie mwaka 1990. Mwezi Aprili mwaka huo, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya juu nchini zilipitisha Tamko la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Lilidai vyuo viwe na uhuru mbele ya dola, na wanaofundisha na wanaosoma wawe na sauti kwenye vyombo vya maamuzi. Mwezi Mei serikali ikakifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wanafunzi wakarudishwa nyumbani. Tarehe 15 Agosti, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Papa Yohane Paulo II akatoa hati yake kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, Ex Corde Ecclesiae. Novemba likaja Tamko la Kampala. Sidhani Papa alikuwa na habari za tamko letu. Lakini soma namba ya 12 ya hati yake: chuo kikuu cha Kikatoliki kina uhuru wa kitaasisi unaohitajika kwa kazi yake, na kinawahakikishia watu wake uhuru wa kitaaluma, ndani ya mipaka ya ukweli na manufaa ya wote. Soma ya 21, kuhusu majadiliano ya kweli na ulinzi wa haki za kila mmoja chuoni. Soma na ya 28: maaskofu wana wajibu kwa vyuo vikuu hata pale wasipoingia moja kwa moja katika uongozi wake wa ndani, nao waonekane kuwa washiriki wa maisha ya chuo, si watu wa nje. Washiriki. Ni neno zuri, na mshiriki wa maisha ya chuo hatangulii kutoa jibu kabla ya Seneti kuketi.

Hofu ya kwamba chuo kitapoteza Ukatoliki wake naielewa, sidharau. Ila naona tunailinda mahali pasipo hatari. Ukatoliki wa chuo haupotei kwa sababu Baraza lilimkatalia makamu mkuu ununuzi wa gari. Binti wa Mbagala anaupima kwa namna alivyotendewa dirishani pa mhasibu. Halafu pasipokuwa na mtu wa ndani anayeweza kusema hapana, atakuja wa nje kuisema. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu iliwazuia wenye vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na vyuo vya makanisa vilikuwemo. Siwezi kusema kila chuo kwenye orodha ile kilifikishwa pale na uongozi mbaya. Upungufu wa walimu na vifaa nao ni umaskini wa kweli. Lakini nimehudhuria vikao vya kutosha kujua kwamba upungufu huwa unajulikana ndani miaka kadhaa kabla, na waliotaka kuutaja waliambiwa wasimvunje moyo Padre.

Ninachotaka si kikubwa. Mwenyekiti wa Baraza la Chuo awe mlei aliyewahi kuongoza taasisi yake, asiye na mkataba wa biashara na chuo wala deni la fadhila kwa jimbo. Katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam peke yake, ukizunguka parokia za Kinondoni na Temeke, utapata majaji wastaafu, wahasibu na walimu wakuu ambao kazi pekee tunayowapa ni kukusanya mavuno. Makamu mkuu awe na kipindi kinachojulikana mwanzo na mwisho, hata kama ni hodari. Ajenda zifike siku saba kabla. Uamuzi wa kumzuia mtu mtihani, kumdisko au kumfukuza kazi uandikwe pamoja na sababu zake, na rufaa iende kwa watu wengine, si kwa walewale.

Na ninyi mafrateri, lianzieni hapahapa. Mna mkuu wa mafrateri na mna vikao vyenu vya nyumba. Ukiwa na neno, liseme kikaoni kwa adabu na kwa jina lako, usiliache kwenye korido. Nawaomba na walezi wenzangu, nami nikiwemo: frateri akisema hapana kwa heshima, tusiandike kwenye faili lake kwamba ni mkaidi. Huyo ndiye atakayekaa kwenye Seneti siku moja badala ya kunyamaza kama mimi.

Yule binti nilikutana naye mwaka jana kwenye Stendi ya Magufuli, Mbezi, nikisubiri basi la Morogoro. Amekuwa mwalimu, amenenepa kidogo, alinisalimia kwanza kabla sijamtambua. Tulinunua chai. Nikamuuliza alitaka kusema nini siku ile. Akaniambia alikuwa amekwenda Bodi ya Mikopo na kurudi na orodha: nusu ya wenzake waliokuwa wakizuiwa mtihani, ada yao ilikuwa imekwishaingia kwenye akaunti ya chuo, ila ofisi ya mhasibu ilikuwa haijaoanisha majina. Karatasi alikuwa nayo mkononi. Alipitia jina kwa jina usiku kucha, akaichapa nakala 30, moja kwa kila mjumbe.